KIBIRITI UPELE: KHABARI ZA DAWA ZA NGOZI ZA WAZEE WETU

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa chama chetu, wenzangu wamejitwika mambo makubwa: khabari za misikiti, za vyuo, na za masheikh waliotutangulia. Mimi nimechagua jambo ambalo msomaji huenda akaliona dogo, nalo ni dawa walizotumia wazee wetu kwa maradhi ya ngozi. Walakini si dogo hata kidogo. Ni nyumba gani hapa Diaca ambayo haijapata kukesha kwa ajili ya mtoto ajikunaye usiku kucha? Na ni ugonjwa gani unaomtia mtu haya mbele ya wenziwe kuliko ule ulioandikwa juu ya ngozi yake? Mwenye kuumwa na tumbo huweza kulificha tumbo lake. Mwenye choa usoni hana pa kujificha.

Neno nitakalo kulisema ni moja tu. Dawa za wazee wetu hazikuwa za kubahatisha, wala hazikuwa siri isiyoguswa. Zilikuwa elimu, na elimu hupimwa. Dawa iliyofaa ilishikwa, iliyozidiwa iliachwa, na mpya ilipofika ilipokewa. Basi tukizifuata leo bila ya kuzipima, hatuwafuati wazee wetu. Na tukizitupa zote bila ya kuzipima, vile vile hatuwafuati.

JINA MOJA LENYE TARIKHI NDANI YAKE

Vijana wa leo wakisikia neno kibiriti hudhani ni njiti za kuwashia moto. Asili ya neno hili ni Kiarabu, nalo ni jina la madini ya rangi ya manjano ambayo madaktari huiita salfa. Njiti zilirithi jina hilo kwa sababu vichwa vyake vilitiwa madini hiyo. Ndipo watu wa pwani, walipotaka kuitenga madini na njiti, wakaiita kibiriti upele.

Hebu tulitazame jina hilo. Hawakuiita kwa rangi yake, wala kwa nchi itokako. Waliiita kwa kazi yake: kibiriti kinachoondoa upele. Jina kama hilo halizaliwi kwa siku moja. Huzaliwa baada ya watu wengi kuitumia dawa, wakaona nafuu, wakaambiana, hata dawa na ugonjwa vikafungwa pamoja katika ulimi wa watu. Kibiriti si kitu cha misitu yetu. Kilikuja kwa biashara, kikauzwa dukani, kikasagwa kuwa unga laini, kikachanganywa na mafuta ya nazi, kisha mgonjwa akapakwa baada ya kuoga. Mafuta ni ya minazi yetu, madini ni ya ng'ambo, na maarifa ya kuvichanganya yalipita katika mikono ya mataifa mengi.

Na hivyo ndivyo ulivyo mji wetu wenyewe. Diaca iko katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kwenye njia ipandayo kutoka pwani kwenda uwanda wa juu wa Mueda. Wamwani na watu wa Kiswahili walikuwa na bahari na majahazi. Wamakonde na Wamakua walikuwa na misitu na mizizi yake. Palipokutana watu hawa, dawa zao nazo zilikutana. Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Hina ilikuja pamoja na desturi za Waislamu wa kaskazini. Shubiri ya Sokotra ilikuwa ikisafirishwa na mabaharia tangu kabla ya Uislamu. Kwa hiyo mtu akisema "dawa zetu za asili", na ajue kuwa asili yenyewe ni pana kama Bahari ya Hindi.

WAISLAMU WA KALE NA MARADHI YA KUWASHA

Dini yetu haikuyadharau maradhi ya ngozi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Al-Awwam walipata muwasho wa mwili, na Mtume, rehema na amani zimfikie, akawapa ruhusa ya kuvaa hariri, ilhali hariri imekatazwa kwa wanaume. Tazama, ndugu msomaji, jinsi sharia ilivyolegezwa kwa ajili ya ngozi ya mgonjwa! Na katika khabari za Bi Salma, aliyekuwa akimtumikia Mtume, imesimuliwa kwamba jeraha na mchomo wa mwiba vilitiwa hina. Naye Nabii Ayubu, alipomwomba Mola wake, aliamriwa aipige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Mwenyezi Mungu ni muweza wa kumponya bila ya sababu yo yote, lakini alimwonyesha sababu, nayo ni maji.

Kwa hiyo kusoma dua na kutafuta dawa havipigani. Mwenye kumsomea mgonjwa na amsomee. Kisha ampake dawa, au ampeleke kwa mwenye dawa.

Matabibu wa Kiislamu waliifuata njia hiyo. Ar-Razi, katika karne ya 10, aliandika kitabu mahsusi juu ya ndui na surua, akieleza namna ya kuyatenga maradhi hayo mawili ambayo yote huonekana juu ya ngozi. Ibnu Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja kibiriti katika Qanuni yake miongoni mwa dawa za upele. Katika karne hiyo hiyo ya Ar-Razi, tabibu Ahmad bin Muhammad At-Tabari alieleza kuwa katika upele mna mdudu mdogo mno, naye huweza kutolewa kwa ncha ya sindano. Na Ibnu Zuhri wa Ishbilia, katika nchi ya Andalusi, aliyefariki mwaka 1162, naye aliandika juu ya wadudu wadogo watambaao chini ya ngozi, ambao jicho halikaribii kuwaona.

Walakini neno lao hilo halikushikwa. Matabibu wengi, wa Mashariki na wa Ulaya, waliendelea kudhani kuwa upele hutokana na kuharibika kwa damu na nyongo. Mwaka 1687 Mtaliana Giovanni Cosimo Bonomo alimtazama mdudu huyo kwa darubini ya vitu vidogo, akamchora na kutangaza kuwa ndiye sababu ya upele. Hata hivyo wakubwa wa utabibu hawakukubali. Shaka iliondoka mwaka 1834 huko Paris, pale mwanafunzi mmoja kutoka kisiwa cha Corsica, jina lake Renucci, aliposimama mbele ya madaktari akamtoa mdudu kwa sindano, wakamwona kwa macho yao. Naye alijifunza wapi ufundi huo? Aliupata kwa wanawake wa kwao Corsica, waliokuwa wakiwatoa wadudu hao kwa sindano tangu zamani. Jambo waliloshindwa nalo wenye vitabu, mabibi wa vijijini walikuwa nalo katika ncha za vidole vyao.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza, maarifa ya watu wasiosoma yasidharauliwe. La pili ni gumu zaidi, nalo ni hili: dawa yaweza kuwa sahihi, na maelezo yake yakawa si sahihi. Kwa karne nyingi watu walipaka kibiriti wakidhani kinasafisha damu. Damu haikuwa na hatia. Kibiriti kilikuwa kikiwaua wadudu.

KWA NINI KIBIRITI KILISIFIWA NA KIKALAUMIWA

Leo khabari za upele zinajulikana vema. Mdudu jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Hupenda sana katikati ya vidole, viganja vya mikono, viwiko, kwapa, kiuno na sehemu za siri; kwa watoto wachanga huweza kufika hata kichwani na nyayoni. Muwasho huzidi usiku. Na hapa ndipo penye siri kubwa: mtu aambukizwaye kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hata 6 asihisi kitu, na huku anao wadudu na anawapa wenziwe.

Sasa tufikiri. Mama anampaka kibiriti mtoto mmoja ajikunaye, na wale watatu wanaolala naye mkeka mmoja hawapaki, kwa kuwa hawajikuni. Mtoto anapona. Baada ya wiki chache anajikuna tena. Mama anasema: dawa hii haifai. Kumbe dawa ilifanya kazi yake, na ndugu zake wakamrudishia wadudu. Ndiyo maana dawa hii moja ilisifiwa nyumba hii na ikalaumiwa nyumba ya pili.

Madaktari hawajaitupa kibiriti upele. Marhamu yake, yenye sehemu 6 hata 10 za salfa katika kila 100, hupakwa mwili mzima kwa siku 3 zenye kufuatana au zaidi, na mpaka sasa hutumiwa khasa kwa watoto wachanga na kwa wanawake waja wazito, kwa sababu madhara yake ni machache. Aibu yake ni harufu mbaya na madoa katika nguo. Zipo dawa nyingine zenye nguvu na wepesi zaidi, kama vile permetrini ya kupaka na ivermektini ya kumeza. Ivermektini ilitokana na kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, na Satoshi Ōmura na William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi wao. Basi asiseme mtu kuwa dawa za hospitali ni za viwanda tu na za wazee ni za ardhi. Zote ni za ardhi ya Mwenyezi Mungu.

Na dawa yo yote itumikayo, ya zamani au ya sasa, masharti ni yale yale. Watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja, wenye kujikuna na wasiojikuna. Nguo, shuka na mashuka ya watoto hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani siku ile ile. Kisichofulika hufungwa katika mfuko kwa siku 3 au zaidi, kwa kuwa mdudu akiwa mbali na mwili wa mtu hufa. Dawa hurudiwa kama mwenye dawa alivyoelekeza. Na muwasho ukiendelea kwa wiki 2 au 3 baada ya matibabu, si lazima kuwa dawa imeshindwa. Ngozi huchelewa kutulia.

MSIRO, MWAROBAINI NA NYINGINEZO

Mgeni afikaye katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kutoka Kisiwa cha Msumbiji na Ibo hata Palma, kitu kimoja humshangaza: nyuso za wanawake zilizopakwa weupe. Huo ni msiro. Ni mti ambao wataalamu wa mimea huuita Olax dissitiflora. Kipande chake husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, hata ukapatikana uji mweupe wa kupaka usoni. Wenzetu wa Unguja na Lamu wanayo liwa, ambayo nayo husagwa kwa jiwe na maji, ikapakwa kwa uzuri, kwa harufu, na kwa kutuliza harara wakati wa joto.

Mabibi zetu walipaka msiro ili kuilainisha ngozi, kuikinga na jua, na kuondoa chunusi na vipele vya jasho. Ni pambo na ni tunzo, nayo ni sehemu ya heshima ya mwanamke wa pwani. Lakini tuuweke msiro mahali pake. Unaitunza ngozi iliyo nzima. Hauui mdudu wa upele, na hautibu ukoma. Na ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, ambao jua huwaunguza hata likawaletea saratani, wasiambiwe kuwa msiro unawatosha. Hao wahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yaliyopimwa.

Ama mwarobaini, watu husema hutibu maradhi arobaini, na jina lake ndilo hilo. Arobaini ni hesabu ya sifa. Walakini kwa upele pana ushahidi fulani. Mwaka 1992 ilichapishwa khabari ya jaribio la Bara Hindi, ambako watu 814 wenye upele walipakwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa pamoja na manjano. Watu 97 katika kila 100 walipona kati ya siku 3 na 15. Lilikuwa jaribio la mwanzo, wala halikumaliza maneno, lakini latuonyesha kuwa majani yale hayakusifiwa bure. Pamoja na hayo, kipakwacho si lazima kiwe kinyweka: mafuta ya mbegu za mwarobaini yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliomezeshwa.

Wazee wetu pia walikutana na maradhi ambayo babu zao hawakuyajua. Funza wa miguuni si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika, akashuka katika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa jahazi la ng'ambo, na kabla ya kumalizika karne ya 19 alikwishaivuka Afrika nzima mpaka akafika Unguja. Mababu zetu hawakuwa na dawa ya kurithi kwa mdudu huyo. Walijifunza upya: pini, mkono mwepesi, na kumtoa mzima bila ya kumpasua. Hiyo ni hoja kuwa utabibu wa wazee haukuwa jiwe. Ulikuwa hai, ukijifunza. Nasi tuongeze tulilojifunza baada yao, kwamba pini chafu huleta pepopunda.

DAWA ZILIZOPISHA NJIA

Yapo maradhi ambayo dawa za zamani ziliyapigania kwa ushujaa, kisha zikazidiwa, na hapana aibu katika hilo.

Buba iliwala watoto wa Afrika ya Mashariki kwa vidonda na kuwapinda mifupa. Majani na mizizi ilituliza vidonda, haikuung'oa ugonjwa. Ilipokuja sindano ya penisilini, mara nyingi sindano moja ilitosha. Kati ya mwaka 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa yalisaidia kuwatibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46. Wazee waliokuwa na dawa zao za buba waliona kwa macho yao, wakawapeleka watoto sindano. Hawakuisaliti elimu yao kwa kufanya hivyo; waliitimiza.

Ndui nayo, iliyoandikwa na Ar-Razi miaka elfu moja nyuma, ilikomeshwa katika pwani hii hii ya Waislamu: mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Na mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kuwa ndui imekwisha.

Ama ukoma, khabari yake inafanana na mizani. Huko Burma na Bara Hindi watu walitumia tangu kale mafuta ya mbegu za mti wa chaulmugra. Mwaka 1854 daktari Mwingereza, Frederic Mouat, aliyaandika katika majarida ya utabibu, na tangu hapo madaktari wa dunia nzima wakayachukua. Mwaka 1915, katika visiwa vya Hawaii, binti Mmarekani mweusi, Alice Ball, aligundua namna ya kuyafanya yaingie mwilini kwa sindano. Kwa muda wa miaka mingi dawa hii ya wazee wa Asia ndiyo iliyokuwa tegemeo la hospitali. Kisha katika miaka ya 1940 zikaja dawa za jamii ya dapsoni, zikawa bora, na mafuta yale yakaachwa. Tangu 1981 ukoma hutibiwa kwa dawa tatu pamoja, kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema sana baada ya kuanza dawa. Dawa hizo hutolewa bure.

Nimeurefusha ukoma kwa makusudi. Mwaka 2008 Msumbiji ilihesabiwa kuwa imeushusha ukoma chini ya mgonjwa mmoja katika kila watu elfu kumi. Lakini haukwisha, bado hupatikana wagonjwa wapya, na mikoa ya kaskazini ni miongoni mwa inayowatoa. Na ukoma huanza kwa upole: baka lenye rangi iliyofifia au nyekundu, lisilowasha wala kuuma. Hapo ndipo penye hatari. Mtu hulipaka msiro, au hina, au marhamu ya dukani, miezi ikapita, miaka ikapita, na huku mishipa ya fahamu inakufa, hata vidole vikapinda na jicho likashindwa kufumba. Alama ya kuitambua ni nyepesi, na kila mama aweza kuishika: baka lisilosikia. Mguse kwa ncha ya unyoya akiwa amefumba macho. Akiwa hasikii pale penye baka, basi hapo mkono wa nyumbani umefika mpaka wake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na aibu tuiweke kando. Wanatarikhi wamesimulia kuwa Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, mnamo mwaka 707, aliwawekea wakoma wa Damaski mahali pa kutunzwa na posho yao, ili wasilazimike kuomba njiani. Ikiwa Waislamu wa karne ile, wasio na dawa, waliona kuwa haki ya mkoma ni tunzo, sisi wenye dawa tuna udhuru gani wa kumficha?

YALIYO HARAMU KWA NGOZI

Si kila kiitwacho dawa ni dawa. Kumpaka mtoto mafuta ya taa au dawa ya kuulia wadudu wa shambani kwa ajili ya upele ni kumtia sumu, kwa maana ngozi hunywa. Kuweka samadi au udongo juu ya jeraha ni kuipa pepopunda mlango. Piko, rangi nyeusi ichanganywayo na hina ili mapambo yaive upesi, imewaunguza maharusi wengi. Hina safi ni nyekundu, na hiyo ndiyo hina ya mabibi zetu. Mafuta ya kujichubua yenye zebaki huharibu figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeamuru yaondolewe sokoni duniani kote. Na zile marhamu kali zinazouzwa bila ya kuulizwa, ambazo hutuliza muwasho kwa siku chache, huuficha choa hata kikaenea. Ajabu ni kwamba mengi katika haya hayakutoka kwa wazee, ni mapya. Upya si ushahidi wa kufaa, kama ukale usivyokuwa ushahidi wa kufaa.

WASIA

Baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975, serikali iliwatazama waganga kwa shaka, walakini mwaka 1977 Wizara ya Afya ilianzisha ofisi ya kuchunguza dawa za mimea. Jirani zetu wa Tanzania walikwishaanza uchunguzi kama huo pale Muhimbili mwaka 1974, na tangu 1992 kipo Moshi kituo cha kanda cha kuwafunza matabibu wa ngozi. Njia ya kupima imekwishafunguliwa.

Sisi hata hivyo tumepatwa na jambo ambalo wenzetu hawakupatwa nalo. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa, wilaya yetu haikupata raha. Watu walitawanyika hadi Mueda, Nangade na Pemba, na mkoa mzima ukawa na mamia ya maelfu ya waliokimbia makwao. Palipo na msongamano, maji haba na mikeka michache, hapo upele hustawi. Vidonda vya kujikuna huingia vijidudu vingine, ambavyo huweza kudhuru figo za mtoto. Na vituo vya afya navyo vilivunjwa. Katika hali hiyo mama alikuwa na nini mkononi, ila kile alichokikumbuka kwa bibi yake?

Na mabibi nao walitawanyika. Wengine walifariki ugenini, na majina ya miti yakafukiwa pamoja nao. Basi nawausia wanachama mambo matatu. La kwanza, kila mwenye mzee nyumbani amwulize na aandike: jina la mti, sehemu itumikayo, namna ya kuitengeneza, ugonjwa uliotibiwa, na aliyedhurika kama yupo. Mwenye kuandika sifa peke yake hajaandika elimu. La pili, miti yenyewe ipandwe. Msiro hukatwa sana na kuuzwa. Usipopandwa, wajukuu wetu watausikia jina tu. La tatu, chama chetu kiwakutanishe wajuzi wa dawa na wauguzi wa kituo, wakubaliane juu ya mpaka: lipi litibiwe nyumbani, na lipi lisilale nyumbani hata usiku mmoja. Baka lisilosikia, kidonda kisichopona, upele wenye usaha na homa, na mtoto mchanga mwenye malengelenge, hao ni wa hospitali.

Wazee wetu waliiita madini ile kibiriti upele kwa sababu waliijaribu wakaiona inaponya. Walituachia jina, na ndani ya jina walituachia kanuni: dawa huitwa kwa kazi yake. Isiyofanya kazi haistahili jina, awe ameileta babu au ameileta daktari.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awaponye wagonjwa wetu, na awarudishe majumbani mwao kwa amani waliohama. Amin.